Kuchagua Baiskeli ya Tairi Nene kwa Mchanga, Theluji na Njia Korofi: Mwongozo Kamili

Ukitaka baiskeli ya tairi nene, usianze na fremu, rangi wala idadi ya gia. Anza na tairi, ringi inayoishika na upepo utakaotia ndani yake, kwa sababu hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua kama utapita juu ya mchanga au utashuka kusukuma. Sehemu nyingine zote, kuanzia habu (kitovu cha gurudumu) hadi breki, huchaguliwa ili kuitumikia tairi hiyo. Wengi hununua kwa mpangilio wa kinyume, na ndiyo maana baiskeli nyingi za aina hii huishia kuegemea ukuta baada ya miezi michache.

Kwa nini tairi nene hupita pasipopitika

Chukua mwendeshaji na baiskeli yake wenye kilo 90 kwa pamoja. Tairi zikiwa na upepo wa psi 30 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), zinagusa ardhi kwa eneo la takriban sentimita za mraba 43, mbele na nyuma kwa jumla. Shusha upepo hadi psi 5, eneo hilo linafika kama sentimita za mraba 256, karibu mara sita. Uzito ni uleule, ila sasa umetandazwa. Ugumu wa kuta za tairi hubadilisha tarakimu hizi kidogo, lakini hesabu yenyewe ndiyo hiyo.

Tairi ya kawaida ya inchi 2.2 haiwezi kushushwa hadi psi 5. Ringi ingegonga kila jiwe na tairi ingechomoka kwenye kona. Kazi kubwa ya unene, basi, ni kukuruhusu utumie upepo mdogo bila kuvunja kitu. Anayenunua tairi ya inchi 4 kisha akaijaza psi 25 kama tairi ya baiskeli ya mizigo amenunua uzito tu.

Hatua ya 1: Taja ardhi utakayoendesha zaidi

Baiskeli moja itapita kwenye mchanga, theluji na mawe, ila haitakuwa bora kote. Chagua ardhi utakayokuwa juu yake kwa robo tatu ya muda wako, kisha nunua kwa ajili ya hiyo.

*Mchanga wa pwani* una sehemu mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Kwenye fukwe kama Paje na Jambiani, mashariki mwa Unguja, maji yakipwa huacha uwanja mpana wa mchanga mbichi ulioshikana. Hapo tairi ya inchi 4.0 inatosha kabisa, na hata ya inchi 3.0 hupita. Juu ya mstari wa mwani, mahali ambapo maji hayafiki, mchanga ni mkavu na unakimbia chini ya gurudumu. Huko ndiko tairi ya inchi 4.8 inakostahili bei yake. Kwa hiyo jiulize kama utaendesha kwa kufuata maji au ni lazima upite saa yoyote. Anayeweza kungoja maji kupwa, hasa siku za bamvua ambapo bahari hutoka mbali, hahitaji tairi kubwa kuliko zote. Siku za maji mafu ukanda mgumu huwa mwembamba, na mara kwa mara utasukumwa juu kwenye mchanga mkavu. Muda mzuri ni saa mbili kabla na saa mbili baada ya maji kupwa kabisa, nao husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: msimu wa kusi, anza safari kwa kuelekea kusini, ili wakati wa kurudi umechoka upepo uwe mgongoni.

*Matuta ya jangwa*, kama yale ya Sharqiya nchini Oman, yana tabia yake. Upande unaopigwa na upepo mchanga wake umeshindiliwa na hubeba baiskeli. Upande wa pili mchanga umemwagika tu, na hakuna tairi itakayoupanda. Unashukwa au unazungukwa. Kwa safari za namna hii nunua inchi 4.8 na usijadiliane.

*Theluji* nayo si moja. Njia zilizoshindiliwa kwa mashine, mfano zile za bustani ya Theodore Wirth mjini Minneapolis, Marekani, zinapitika vizuri kwa tairi ya inchi 3.8 hadi 4.5. Wasimamizi wa njia nyingi za aina hiyo hudai tairi isiyopungua inchi 3.8 na upepo mdogo, na ukiona gurudumu lako linaacha mfereji wa kina cha zaidi ya inchi moja unatakiwa kugeuka, kwa sababu mfereji huo ukiganda usiku unaharibu njia ya wengine. Kwa theluji laini isiyoshindiliwa nenda inchi 4.8 au 5.0. Theluji mpya ikizidi kina cha kiganja kilichonyooshwa, baiskeli yoyote itahangaika.

Barafu ni jambo tofauti. Upana hausaidii kitu juu ya barafu tupu. Kinachoshika ni misumari midogo ya kabaidi (madini magumu sana) iliyopachikwa kwenye tairi. Mtu anayeishi Minneapolis, au Edmonton nchini Kanada, na anayekwenda kazini kwa barabara za jiji ambazo theluji yake huondolewa kila siku anahitaji misumari kuliko unene, na baiskeli ya kawaida yenye tairi za misumari itamhudumia vizuri zaidi kwa fedha kidogo.

*Njia korofi* ndipo panapohitaji ukweli. Kama njia zako ni za udongo mgumu, mawe na mizizi, tuseme vijia vya Lushoto kwenye milima ya Usambara, na mchanga unakutana nao mara moja moja, tairi ya inchi 2.6 hadi 3.0 kwenye baiskeli ya milimani yenye foki nzuri ya springi itakuchosha kidogo kuliko tairi ya inchi 4. Na kama ni barabara ya changarawe kutoka nyumbani hadi mjini, usinunue baiskeli ya tairi nene kabisa. Inafaa pale njia korofi inapochanganyika na mchanga mwingi wa makorongo, vumbi zito la kiangazi au tope laini lisilonata.

Hatua ya 2: Linganisha tairi na ringi

Mwishoni mwa miaka ya 1980 waendeshaji wa Alaska waliokuwa wakishindana kwenye njia za theluji waliunganisha ringi mbili kwa kuzichomelea ubavu kwa ubavu, ili tairi zilizokuwepo zitandazike. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ya Minnesota ilitoa Pugsley, baiskeli iliyopeleka tairi nene kwenye maduka ya kawaida, ikiwa na ringi ya milimita 65 na tairi ya inchi 3.7. Tangu hapo vipimo vimeongezeka, lakini somo la wale wachomeleaji halijabadilika: ringi nyembamba huiharibu tairi pana.

Tairi ya inchi 4.0 inataka ringi ya milimita 60 hadi 80. Tairi ya inchi 4.8 inataka milimita 80 hadi 100. Ukiiweka tairi ya 4.8 kwenye ringi ya milimita 50, inavimba kama mpira, kuta zinapinda kwenye kona upepo ukiwa mdogo, na ule upana uliolipia hautui chini. Ringi ikiwa pana kupita kiasi, tairi inakuwa bapa, kingo zake zinabaki zimesimama na baiskeli inakataa kulala kwenye kona.

Kipenyo cha kawaida ni inchi 26. Tairi ya 26 × 4.0 ikishajaa, kimo chake kinakaribia gurudumu la inchi 29. Zipo pia za inchi 27.5, zinazovingirika vizuri zaidi kwenye njia zilizoshikana. Kwa anayeishi Afrika Mashariki ushauri ni inchi 26 bila kusita, kwa sababu ukikosa tyubu nene utaweza kutumia tyubu ya 26 × 2.5 au 2.7. Inanyooka mpaka kujaza tairi ya inchi 4 kwa upepo mdogo, na ni nyepesi kuliko ile halisi. Kama ringi utakayoipata ni ya 27.5, tafuta tyubu ya akiba kabla hujalipia baiskeli.

Soma pia nyuzi za tairi, zilizoandikwa TPI ubavuni. Nyuzi 27 kwa inchi ni tairi ngumu, nzito, isiyojikunja vizuri kwenye upepo mdogo. Nyuzi 60 ni nzuri kwa matumizi mengi. Nyuzi 120 hutandazika vizuri kwenye theluji na mchanga lakini huchanika upesi kwenye mawe makali na miba. Porini kwenye migunga chukua 60.

Kuhusu kashata za tairi: mchanga unataka tairi yenye kashata fupi zilizokaribiana, kwa kuwa kashata ndefu huchimba shimo na kukuzamisha. Theluji laini na tope hutaka kashata zilizoachana ili zijisafishe.

Hatua ya 3: Pima nafasi kwenye fremu

Fremu ndiyo inayoweka ukomo wa tairi utakayoweza kuvaa miaka mitatu ijayo, kwa hiyo nunua nafasi. Tairi ikiwa imejaa, lazima ibaki milimita 6 au zaidi kila upande, hasa pale bomba mbili za chini za nyuma zinapoanzia karibu na pedali. Kwa tope na theluji yenye unyevu, milimita 10 ni salama. Usiamini namba ya ubavuni. Tairi iliyoandikwa 4.0 huweza kupima chini ya hapo kwenye ringi nyembamba na zaidi ya hapo kwenye ringi pana. Ipime kwa vernia, kifaa cha kupimia upana kwa usahihi.

Upana wa habu utakuambia fremu ilikusudiwa tairi gani. Nyuma, milimita 170, au 177 kwa ekseli nene ya kupenya, kwa kawaida ni fremu ya tairi za inchi 4 na kidogo zaidi. Milimita 190, au 197 kwa ekseli ya kupenya, ndiyo fremu inayobeba inchi 4.5 hadi 5.0. Mbele, kipimo cha sasa ni milimita 150 chenye ekseli ya milimita 15. Za zamani na nyingi za bei nafuu ni milimita 135. Tofauti hii ina uzito wake, kwani foki nzuri za springi za baiskeli hizi, kama RockShox Bluto na Manitou Mastodon, zinatumia milimita 150. Ukinunua yenye habu ya mbele ya 135, siku utakapotaka foki hiyo utanunua na gurudumu.

Bomba linaloshika ekseli ya pedali ni pana pia. Ile ya milimita 100 yenye hesi ndiyo rafiki wa fundi wa kawaida. Zile za beringi zinazosukumwa kwa kubanwa hutaka vifaa maalumu, na zikianza kulia kwa mchanga hazinyamazi. Upana huo wote husukuma miguu nje. Umbali kati ya pedali mbili huzidi milimita 200, wakati baiskeli ya kawaida ya milimani iko kati ya 165 na 180. Mwenye magoti yenye maumivu aijaribu kwa nusu saa nzima. Dakika tano dukani hazitamwambia kitu.

Kimo: simama ukiwa umepanua miguu juu ya bomba la juu la fremu, kwa viatu vyako. Iachwe nafasi ya sentimita 7 hadi 10 hadi kwenye kinena, zaidi ya ile ya baiskeli ya barabarani, kwa sababu ukishuka ghafla kwenye mchanga au theluji miguu yako itazama, na baiskeli itabaki juu ikielea kwenye tairi zake.

Hatua ya 4: Gia nyepesi kwanza

Tangazo litasema gia 21. Wewe gawanya meno ya sproketi ndogo ya mbele kwa meno ya sproketi kubwa ya nyuma. Jibu likiwa chini ya 0.7, baiskeli inafaa kwa mchanga mkavu na theluji laini. Likizidi 1, itakuchosha.

Mfano: mbele meno 28, nyuma 42, jibu ni 0.67. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 5.6 kwa saa, mwendo hasa wa mchanga mkavu. Sasa chukua baiskeli ya bei nafuu yenye meno 38 mbele na 28 nyuma. Jibu ni 1.36. Kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa kwenye mchanga utakuwa unakanyaga mizunguko 37 tu kwa dakika, kila mkanyago mzito, na kila mkanyago mzito unachimba. Gurudumu la nyuma linazama kwa sababu ya msukumo huo wa ghafla, hata upepo ukiwa sawa.

Sproketi moja mbele na kaseti pana (rundo la sproketi) nyuma ndiyo mpangilio bora. Ina vitu vichache vya kuingia mchanga, na mnyororo unabaki mbali na tairi.

Friwili au kaseti? Friwili ni rundo la sproketi lenye utaratibu wa kuzunguka bure ndani yake; kwenye kaseti utaratibu huo uko kwenye habu. Kwenye habu pana yenye friwili ya kufungwa kwa hesi, beringi ya upande wa mnyororo hukaa ndani, mbali na ncha ya ekseli. Ekseli ndefu isiyoshikiliwa hupinda, kisha hukatika. Hili ndilo tatizo kubwa la baiskeli za tairi nene za bei ya chini, na halionekani kwa macho. Jaribu hivi: shika gurudumu lisizunguke, kisha zungusha sproketi kinyumenyume. Kama pete ya katikati inayofunga sproketi inazunguka pamoja nazo, ni kaseti. Kama sehemu ya katikati yenye pengo za kuingizia ufunguo imetulia huku sproketi zinazunguka, ni friwili. Mtu mwepesi wa ufukweni anaweza kuishi na friwili; mwenye kilo 90 anayepanda mawe asiichukue.

Hatua ya 5: Foki, breki na uzito

Kwa mchanga na theluji, foki isiyo na springi ndiyo sahihi. Tairi yenyewe inameza matuta madogo, na foki ngumu haina sili za kuingia mchanga wala mafuta ya kuganda. Foki ya springi ya bei rahisi huongeza uzito wa kilo nzima au zaidi na haina kizuizi cha kurudi, yaani kinachopunguza kasi ya springi inaporudi. Ikiungana na tairi inayodunda, baiskeli inarukaruka kwenye mawe. Kwa njia korofi, ama foki ya kweli yenye mwendo wa milimita 100 hadi 120 na kirekebishi cha kurudi, ama foki ngumu. Usichukue ya katikati.

Breki za diski ni lazima, diski ya milimita 160 au 180. Za waya zinatengenezeka popote na kwa fundi yeyote. Chagua zenye uwezo wa kusogeza pedi zote mbili. Za mafuta zina nguvu zaidi, ila ukiishi kwenye baridi kali ujue mafuta ya madini huwa mazito na wenzo unarudi polepole, wakati mafuta ya DOT, aina ya mafuta ya breki kama ya magari, yanavumilia zaidi.

Kuhusu uzito, chuma cha bei nafuu hufika kilo 17 hadi 20 na kuendelea, alumini nzuri kilo 14 hadi 16, kaboni kilo 11 hadi 13. Ukitaka kuokoa gramu, okoa kwenye tairi na tyubu kabla ya fremu, kwani ndizo unazozizungusha kila unapoanza kuondoka.

Baiskeli za umeme zenye tairi nene, nyingi za 20 × 4.0, ni chombo kingine. Zina uzito wa kilo 25 hadi 35, betri yake hupungua nguvu kwenye baridi, na maji ya chumvi huingia kwenye viunganishi. Ufukweni si mahali pake.

Hatua ya 6: Ukaguzi dukani

Nenda na vernia au rula, tepu, na geji ya upepo mdogo inayosoma psi 0 hadi 15. Geji ya kawaida ya pampu, ya hadi psi 120, haiwezi kutofautisha psi 4 na psi 8, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kuelea na kuzama.

Pima upana wa tairi, wa ringi na nafasi ya fremu kama ilivyoelezwa. Zungusha kila gurudumu ukiwa umeweka kidole kwenye fremu karibu na ringi, uone kama inayumba. Shika ncha za mikono ya pedali na uzisukume kushoto na kulia; ikicheza hata kidogo kwenye baiskeli mpya, beringi haijakazwa. Weka gia nyepesi kabisa, mnyororo ukiwa kwenye sproketi kubwa ya nyuma, kisha tazama kwa nyuma pengo kati ya mnyororo na tairi. Ndipo umwombe muuzaji ashushe upepo hadi psi 8, upande, na urudie kukagua. 

Angalia tundu la valvu. Tundu la milimita 8.5 hupokea valvu nene kama ya gari. La milimita 6.5 ni la valvu nyembamba tu. Kwa Afrika Mashariki lile nene ni bora, kwa sababu pampu ya kila kituo cha mafuta inaliingia. Ila usiijaze wewe mwenyewe kwa haraka pale kituoni: mashine ile hupitiliza kwa sekunde moja, na tairi pana inayopitiliza husukuma ringi kwa nguvu kubwa. Usizidishe kipimo cha juu kilichoandikwa kwenye tairi au kwenye ringi, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili.

Ringi nyingi zina matundu makubwa ya kupunguza uzito, yakifunikwa na utepe wa rangi. Bonyeza utepe kwa kidole gumba. Ukizama kirahisi, tyubu itachomoza humo na kusagika. Badilisha utepe kabla ya safari ya kwanza. Na siku hiyohiyo nunua tyubu mbili, pedi za breki na sikio la kushikia kibadilisha gia cha nyuma, kwa kuwa sikio hilo hutofautiana kwa kila fremu na ndilo la kwanza kupinda baiskeli ikianguka.

Hatua ya 7: Kutia upepo sahihi

Vipimo hivi ni vya kuanzia, kwa mtu wa kilo 75 na tairi ya inchi 4.0:

- lami: psi 14 hadi 18
- mawe na udongo mgumu: 9 hadi 12
- mchanga mbichi: 8 hadi 10
- theluji iliyoshindiliwa: 5 hadi 7
- mchanga mkavu: 4 hadi 6
- theluji laini: 2 hadi 4

Kila kilo 10 za ziada ongeza psi 1 kwenye ardhi ngumu na nusu yake kwenye ardhi laini. Nyuma izidi mbele kwa psi 1. Kisha toa upepo kidogokidogo ukiwa njiani. Dalili kwamba umefika ni mikunjo midogo ya mshazari kwenye ukuta wa tairi ya nyuma ukiwa umekaa, bila ringi kugonga chini. Ukisikia ringi inagonga, rudisha psi 1.

Joto hubadilisha kila kitu. Ukijaza psi 6 sebuleni penye nyuzi joto 20 kisha ukatoka nje penye nyuzi 20 chini ya sifuri, geji itasoma karibu psi 3. Jaza ndani zaidi ya unavyotaka, kisha rekebisha nje baada ya tairi kupoa. Pwani ni kinyume chake: psi 8 za alfajiri huweza kupita psi 10 baiskeli ikiachwa juani mchana.

Yanayoharibika, na sababu yake

Usukani unavutwa upande mmoja kwenye lami au ardhi ngumu. Tairi ya mbele ina upepo mdogo mno. Ongeza psi 2. Ikiendelea hata kwenye psi 12, muundo wa tairi yenyewe ndio wenye tabia hiyo, na dawa ni kuibadilisha.

Baiskeli inadunda ukikanyaga kwa kasi. Upepo umezidi, au kiti kiko chini mno.

Valvu inainama, halafu tyubu inachanika kwenye shina lake. Upepo ukiwa mdogo, kila unapokanyaga au kushika breki tairi inateleza polepole juu ya ringi na kuiburuta tyubu. Usikaze ile nati ndogo ya valvu kwenye ringi, maana inaizuia valvu kuonyesha kinachotokea. Ukiona imeinama, toa upepo wote, rudisha tairi mahali pake, jaza upya.

Pancha za miba zisizokwisha. Hapa mfumo wa tyubulesi (tairi bila tyubu) unalipa, mradi ringi iwe ya aina hiyo. Kila tairi inataka mililita 120 hadi 180 za dawa ya kuziba, kiasi kikubwa kuliko tairi ya kawaida. Kwenye joto la pwani au bondeni dawa hukauka, hivyo iongeze kila baada ya miezi miwili au mitatu. Tairi ikikataa kukaa kwenye ringi, ifunge kwanza na tyubu usiku kucha, kesho fungua upande mmoja tu, toa tyubu, na ule upande wa pili utakuwa tayari umeshika.

Pedali zinazunguka bure kwenye baridi kali, gurudumu haliendi. Grisi ndani ya habu ya nyuma imekuwa nzito, na vile vijino vinavyoshika havichomozi. Habu isafishwe na kutiwa mafuta mepesi ya baridi kabla ya majira ya theluji kuanza.

Chumvi

Ufukweni chumvi itaiua baiskeli kabla ya mchanga. Usipite kwenye maji yanayofika kwenye habu, kwa sababu maji ya bahari yanaweza kuingia ndani ya beringi. Ukirudi, siku ileile, osha kwa maji baridi ya bomba na ndoo. Mashine ya kuoshea magari inasukuma mchanga ndani ya beringi. Anza juu kushuka chini, malizia kwa mnyororo, pangusa, acha ikauke kivulini, kisha tia mafuta tone moja kwa kila pini ya mnyororo na ufute yaliyobaki nje, maana mafuta ya nje ndiyo yanayokamata mchanga.

Mara moja kwa mwezi chomoa nguzo ya kiti, ifute, ipake grisi na uirudishe. Fanya hivyo pia kwa hesi za pedali, ukikumbuka kwamba ya kushoto hufunguka kwa kuzungusha kwa saa. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye chumvi hushikana mpaka hakuna wa kuvitenganisha, na nguzo iliyoshikana ndani ya fremu mara nyingi hutolewa kwa msumeno.